Bahasha Isiyo na Stika

Ijumaa ile Mama Picha alikuwa zamu peke yake, mwenzake amekwenda msibani, ndiyo maana akajikuta anampiga eksirei mume wake mwenyewe. Siku nyingine angempisha mwenzake, yeye akasimama nje na mkoba begani kama wake wengine. Lakini foleni ilikuwa imefika hadi mlango wa maabara, na karani wa mapokezi hana habari na ndoa ya mtu. Aliita jina lililoandikwa kwenye karatasi ya kliniki, na Fundi akaingia akikohoa, rangi ya buluu ya gari la mtu ingali kwenye kucha zake.

"Vua shati," Mama Picha alisema.

"Hata salamu hakuna? Leo mimi ni mgonjwa wako, unibembeleze kidogo."

"Vua shati, Fundi. Watu wanasubiri."

Alivua, akalitundika shati kwenye ndoano. Mbavu zilihesabika. Mama Picha alishangaa kwamba mtu anaweza kulala na mwenzake kitanda kimoja asijue lini mbavu zimejitokeza, kisha akaacha kushangaa, maana kazi ilikuwa nyingi. Akamsimamisha mbele ya ubao, akamsukuma mabega, akamwinua kidevu. Akaenda nyuma ya ukuta wenye kidirisha na kusema maneno anayoyasema kutwa: vuta pumzi, zuia, usitikisike. Kikohozi kilimshinda Fundi, ikabidi warudie. Mara ya pili aliweza.

Picha ilipotoka, aliipachika kwenye taa. Juu, pafu la kulia, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, palikuwa na kivuli ambacho kingo zake hazikuwa laini. Alikuwa amekaa kwenye kazi ile muda wa kutosha kuvijua vivuli vya homa, vya kifua kikuu kilichopona, na vile vingine. Hiki kilikuwa kimojawapo cha vile vingine.

"Vipi?" Fundi aliuliza, akifunga vifungo.

"Daktari atasoma."

"Wewe umeona nini?"

"Mimi napiga tu. Anayesoma ni daktari."

Hakusema uongo. Ndiyo kanuni ya kazi: mpigaji hamwambii mgonjwa alichokiona. Na si mdomo tu unaofungwa, uso pia. Mtu akitoka kupigwa picha humkodolea mpigaji macho kuliko atakavyomkodolea daktari baadaye, na ukikunja kipaji kidogo tu, anakuangukia koridoni. Mama Picha alijifunza kuufunga uso wake tangu ujana. Sasa ulifungika vizuri mno, hata nyumbani akawa anasahau kuufungua.

Ila kanuni hiyo ina nduguye. Mpigaji akiona jambo la kutisha, hubandika stika nyekundu kwenye bahasha na kumpigia simu daktari wa mionzi, naye huja siku hiyo hiyo hata kama yuko harusini. Bahasha zisizo na stika hungoja Alhamisi, siku yake ya kawaida ya kuja. Stika zilikuwa kwenye droo, chini ya kalamu.

Mama Picha alifungua droo, akaziona, akachukua kalamu. Aliandika jina la mumewe kwa mwandiko ule ule wa kila siku, akaifunga droo, akaichomeka bahasha katikati ya nyingine. Kisha akatoa kichwa mlangoni.

"Anayefuata!"

* * *

Jumatano iliyofuata alikuwa na mtihani. Hilo ndilo lililoifunga droo, tusifichane.

Mwanamke huyu, mwenye digrii yake ya radiografia na mvi zake za kutosha, alikuwa ameanza upya chuo kikuu, digrii nyingine kabisa, historia ya sanaa, darasa la jioni na Jumamosi. Hapakuwa na cheo kinachomsubiri mwishoni. Alipoulizwa siku ya kujiandikisha kwa nini anataka kusoma tena, alijibu kwamba kazini anatazama picha kutwa nzima na haruhusiwi kusema neno, kwa hiyo anatafuta mahali ambapo mtu atamwuliza ameona nini. Waliokuwa mezani wakacheka wakidhani ni mzaha. Sasa chuo kilikuwa kimetangaza kwamba darasa la jioni linafungwa kwa kukosa wanafunzi. Atakayeukosa mtihani wa mwisho, ule wa kuulizwa ana kwa ana, imekula kwake.

Aibu za darasa hilo alizimeza zote. Wiki ya kwanza vijana walisimama alipoingia, wakidhani ndiye mwalimu. Walipojua siyo, wakamtuma akaulize funguo kwa wafagiaji, wakidhani ni mfagiaji. Kazini walimwita Profesa, kwa sauti ile ambayo cheo hugeuka tusi. Shemeji yake aliwaambia watu kwamba anasomea uongozi wa hospitali. Fundi mwenyewe gereji alikuwa akisema mkewe anasomea udaktari, maana hilo halihitaji maelezo.

Jumamosi jioni, baada ya darasa, walikaa sebuleni watatu, yeye, Fundi na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mtu wa ulimi mwepesi na miguu mizito tangu alipovunjika nyonga.

"Mkwe wangu," alisema, akipuliza chai, "mimi bado naomba kueleweshwa. Digrii ya kwanza ya kupiga picha. Ya pili ya kutazama picha. Ya tatu itakuwa ya nini, kuzitundika?"

"Mama, mwache," Fundi alisema. "Mimi nimepaka rangi tangu ujana wangu. Huenda siku moja na mimi nikasomwa."

"Utasomwa ukifa. Hao wote anaowasoma ni wafu, nimemwuliza. Si kweli, mkwe?"

"Wengi wao, mama," Mama Picha alijibu.

Fundi akacheka hadi kikohozi kikamshika. Aliinama, mkono mdomoni, mgongo ukipanda na kushuka. Mama mkwe akampigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mama Picha alisogeza kikombe cha mumewe mbali na ukingo wa meza, kisimwagike. Alikuwa akiisubiri hofu. Tangu Ijumaa aliisubiri kama mgeni aliyekwisha kupiga simu kwamba yuko njiani, lakini hofu haikuja, wala huruma, wala machozi. Ndani palikuwa na ganzi tu.

"Majibu lini?" mama mkwe aliuliza.

"Alhamisi," Fundi akasema. "Mwenye picha ndiye huyo, lakini hasemi. Ukitaka kuficha siri, olewa na mpiga eksirei."

"Daktari ndiye anasoma," Mama Picha alisema.

Usiseme alikuwa hampendi mumewe. Alimpenda, ila aliijua familia. Mama mkwe alipovunjika nyonga, kilikaa kikao hapo hapo sebuleni, na ilipofika swali la nani abaki nyumbani kumhudumia, hakuna aliyelitaja jina la Mama Picha. Walimtazama tu. Fundi naye alimtazama. Mwaka ule wa masomo ukapotea, na hakuna aliyesema pole, kwa kuwa hakuna aliyemwamuru. Kwa hiyo aliona mbele yake jinsi mambo yatakavyokwenda stika ikibandikwa: simu, kilio, ndugu kujaa, safari ya hospitali kubwa, na Jumatano watamtazama tena. Akajiambia kwamba kivuli kilichojijenga kwa miezi hakitakimbia kokote kwa siku chache. Alikuwa mtaalamu, alijua kuwa hilo ni kweli. Ndiyo maana lilimrahisishia kunyamaza.

Jumanne asubuhi Fundi alisimama mlangoni akifunga kamba za viatu.

"Nafikiri nipite leo niulize majibu. Usiku kifua kinabana."

Mama Picha alikuwa anapiga pasi gauni la mtihani. Hakuinua macho.

"Hayatakuwa tayari."

"Hata wewe ukimwomba?"

"Hayatakuwa tayari, Fundi. Nenda kazini, na uvae barakoa."

"Haya, Profesa," akasema, akaenda.

* * *

Waliomhoji Jumatano walikuwa wawili. Mmoja, mama mnene kutoka chuo kingine, alikuwa anaandika bila kusema. Mwingine alikuwa mhadhiri wake, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, mpole, anayemwita mama kwa heshima ya kweli. Walizima taa, picha ikajitokeza ukutani.

"Hii hujawahi kuiona. Usiniambie ni ya nani wala ya lini. Niambie unachokiona."

Mama Picha alitazama kwa muda. Kisha akasema. Chumba cha watu wa kawaida, kuta zimechakaa. Dirisha kushoto, mwanga unaingia chini chini kama wa asubuhi. Mwanamke anakunja shuka mezani, amelishika pembe mbili, hakuna wa kumshikia pembe nyingine. Kulia kwake ukuta mtupu, mpana kupita kiasi. Alisema juu ya rangi zilivyowekwa, wapi nene na wapi hafifu, na jinsi mstari wa meza unavyolipeleka jicho kwenye ule utupu halafu unaliacha hapo. Sauti yake ilikuwa tulivu, haina mchecheto hata kidogo. Mama mnene aliacha kuandika, akainua kichwa.

"Vizuri," mhadhiri alisema, na sasa alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. "Sasa hii nimekuchagulia wewe. Picha ile ile, imepigwa eksirei."

Ukuta ukageuka kijivu. Mwanamke alikuwapo bado, na meza. Na kwenye ule utupu wa kulia palikuwa na mtu.

"Kuna mwanaume," Mama Picha alisema. "Ameketi. Mkono wake mmoja uko mezani, karibu na shuka. Mchoraji alimchora akammaliza kabisa, mpaka vifungo vya shati. Ndipo akampaka rangi juu."

"Kwa nini alimfunika?"

"Akiwapo, mwanamke haonekani. Jicho lote linakwenda kwa yule mwanaume."

"Kwa hiyo mchoraji alifanya vyema?"

Feni ilizunguka. Mama Picha aliutazama ule mkono wa kijivu juu ya meza.

"Picha ilikamilika," alijibu. "Hilo naweza kulisema."

Walimtoa nje kidogo, wakamwita tena. Mhadhiri hakuweza kujizuia. Matokeo rasmi yangebandikwa baadaye, alisema, lakini haoni sababu ya kumficha: ni wa kwanza, na wa pili yuko mbali. Mama mnene akampa mkono. "Una jicho," alisema. "Miaka mingi sijasikia mtu anatazama namna hiyo." Mama Picha alishukuru. Alitembea hadi kituoni akijaribu kufurahi, akagundua kwamba ganzi haichagui. Ilikuwa imekula na hiyo furaha.

Alikuwa amekusudia kumwambia Fundi mchana ule ule. Hilo alijiahidi, na pengine angelitimiza. Lakini alipofungua mlango alikuta soda mezani na keki ya dukani ingali kwenye boksi, na mama mkwe amevaa gauni la kutokea.

"Umefaulu hukufaulu, keki imeshanunuliwa," mama mkwe alisema. "Tuambie tu tule kwa sura gani."

"Nimefaulu, mama. Wa kwanza."

Mama mkwe akapiga vigelegele vyake vifupi vya kukosa pumzi. Fundi akainuka. Alimpokea mkoba, akamkalisha.

"Leo gereji nimewaambia kweli," akasema. "Nimewaambia, jamani, nilikuwa nawadanganya, mke wangu hasomei udaktari. Anasomea historia ya sanaa."

"Wakasemaje?"

"Wakauliza inalipa? Nikawaambia hailipi. Ila anaipenda, na mimi nimemwona anavyoipenda."

Alikata keki, akampa mkewe kipande kikubwa. Mama Picha alikila chote. Kilikuwa kitamu, alijua hivyo kwa kuwa wenzake walisema.

* * *

Daktari wa mionzi alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani ya kuning'inia kwenye kamba, asiyependa makelele. Alhamisi alisoma bahasha moja baada ya nyingine, Mama Picha akimpachikia picha kwenye taa. Walipofika katikati ya rundo, daktari alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hii ilipigwa lini?"

"Ijumaa."

"Na nani?"

"Mimi."

"Mbona haina stika?"

Mama Picha aligeuza macho mlangoni. Karani alikuwa tayari ameanza kuwaita wa majibu, na Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwa shati lake la pasi, kofia mkononi. Daktari alikuwa amempa mgongo, macho kwenye taa. Mama Picha peke yake ndiye aliyemwona.

"Sikiliza," daktari alisema kwa upole, "ulikuwa peke yako, na foleni naijua. Mtu hupitiwa. Nikiandika kwamba hukukiona kivuli hiki, yataishia hapa. Nikiandika ulikiona ukaiacha bahasha iende na nyingine, utaitwa ujieleze, na si mara moja. Ulikiona?"

Palikuwa na njia, na ilikuwa pana. Neno dogo tu, sikukiona, na Fundi angelisikia, na pengine angelisadiki. Watu wazuri huwa wepesi wa kusadiki. Mama Picha alimtazama mumewe. Fundi alikuwa akimtazama kama wagonjwa wote wanavyomtazama.

"Nilikiona, daktari."

"Ulikiona."

"Saa ile ile."

Daktari akageuka kwenye kiti chake, akamwona mtu mlangoni. "Na wewe ni nani?"

"Hiyo picha ni mimi," Fundi alisema. "Na huyu ni mke wangu."

Daktari alishusha miwani. Alimkaribisha, akamweleza kwa maneno laini: kuna kitu kwenye pafu, hakijulikani bado ni nini, itabidi aende hospitali kubwa wakatoe kipande kidogo wakapime. Jina la ugonjwa hakulitaja, lakini lilikuwa mle chumbani na wote watatu walilijua. Kisha, labda kwa kumwonea huruma mwanamke, akaongeza kwamba siku chache zilizopita hazijaharibu chochote. Kwa kivuli cha namna hiyo, alisema, wiki si kitu.

"Nashukuru, daktari," Fundi alisema. "Wiki si kitu. Nimeelewa."

Walitoka, wakaketi kwenye benchi la koridoni, pembeni kidogo ya watu waliokuwa wakisubiri zamu. Fundi aliizungusha kofia yake mikononi. Hakupaza sauti. Pengine angepaza ingekuwa nafuu.

"Ilikuwa mtihani," alisema.

"Ndiyo."

"Ulidhani ningekuzuia."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, ningekwambia nenda kafanye mtihani wako."

"Kweli ungesema hivyo?"

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki hata alipoumizwa, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kukaa karibu naye saa ile.

"Sijui," alisema mwishowe. "Labda ningesema nenda. Labda mama angelia, na mimi nikaogopa, nikakutazama tu, kama mara ile. Nakumbuka mara ile, usifikiri nimesahau. Sijui, Mama Picha. Lilikuwa langu la kujua, mimi mtu wa namna gani, na wewe hukunipa nafasi hiyo. Sasa hata nikikwambia ndiyo, hutaamini. Hata mimi sitaamini."

"Nisamehe."

"Jana nilikula keki," alisema, si kwa kumjibu. Akasimama, akavaa kofia. "Nakwenda gereji kuwaambia watafute mtu. Jioni tutaongea na mama. Nitamwambia mwenyewe, wewe usiseme."

"Nikusindikize?"

"Una kazi," Fundi alisema, na hapakuwa na kejeli ndani yake. Alitembea polepole, mkono ukigusa ukuta, akasimama mara moja kukohoa, akaendelea, akapinda kona ya maabara.

Kuna ganzi ya mguu uliokaliwa vibaya. Muda wote husikii kitu, unadhani umepona. Damu ikirudi ndipo unapochomwa. Mama Picha aliketi pale benchini na koti lake jeupe, mbele ya watu wote, na maumivu yakamjia kwa pamoja, ya Ijumaa na ya siku zote zilizofuata, mbavu zile, kikombe kile ukingoni mwa meza, keki ile. Uso wake ulifunguka wenyewe. Alilia kwa sauti, mikono mapajani, bila kujifunika.

Foleni nzima iligeuka. Walikuwa watu wenye karatasi mikononi, na wao ndio waliotoka kupigwa picha au waliokuwa wakingoja kupigwa, na aliyekuwa akilia mbele yao ndiye mpigaji. Mzee mmoja alishika kifua. Wengine wakatazamana. Mwanamke aliyekuwa ametoka chumbani muda mfupi uliopita alinyanyuka, akasogea hatua kwa hatua, akainama, macho yamemtoka kwa hofu.

"Mama," aliuliza, sauti haifiki mbali. "Ni picha yangu?"

Miaka yote ya kazi yake waliuliza hivyo, na miaka yote hakuwahi kumjibu hata mmoja.

"Hapana, mama," alisema. "Ya mume wangu."